Nati ya Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, kijana waliyemwita Nyenyere alianza kushuka mlima akiwa mzima wa afya. Saa moja na dakika kumi na moja alikuwa amelala ndani ya mfereji wa saruji kando ya barabara, shingo imegeukia upande ambao shingo haigeukii. Koni kumi na tisa alikuwa amezipita bila kuzigusa. Ya ishirini aliingia nayo mferejini, na walipomwinua waliikuta chini ya kwapa lake.

Sajini alifika saa moja na dakika hamsini, akihema, kwa sababu gari la kituo lilizimika katikati ya mlima na kilichobaki akakipanda kwa miguu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mwenye magoti mabovu na subira ndefu. Kituoni walimwita Daftari, kwa kumcheka, maana aliandika kila alichokiona, hata vitu visivyo na kichwa wala miguu. Hakukasirika. Alikuwa ameshaona kesi nyingi zikipotezwa na watu wenye kumbukumbu nzuri.

Mchezo wenyewe hakuujua, na hakuona aibu kuuliza. Aliambiwa kwamba ni mbio za ubao wa magurudumu: koni arobaini hupangwa mstari mmoja kwenye mteremko, na mwenye ubao hupita kwa kupinda kushoto na kulia kama sindano kwenye kitambaa. Anayegusa koni huongezewa muda. Barabara ile ya zamani ilikuwa imefungiwa magari, na klabu ilikuwa na chumba chake pale chini, karibu na geti.

Watu watatu walikuwepo. Wa kwanza ni Kocha, kaka wa marehemu, mwanamume wa miaka thelathini na minne anayechechemea mguu wa kulia. Aliwahi kuwa bingwa wa mlima ule mpaka goti lilipovunjika. Rekodi yake, sekunde ishirini na nane na nukta nne, ilikuwa bado imeandikwa kwa rangi nyeupe ukutani, mwaka wa tisa sasa. Yeye ndiye aliyemwachia Nyenyere kule juu kwenye mstari. Wa pili alikuwa Sabuni, mshindani wa Nyenyere, kijana mwembamba aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakamatiki, si kwenye koni wala kwenye mazungumzo. Alikuwa chini akishika saa ya kupimia muda. Wa tatu ni mlinzi wa geti.

Walisema kitu kimoja. Nyenyere alianza vizuri, akakolea mwendo, na karibu na koni ya kumi na tano mkia wa ubao ukaanza kutikisika. Ukatikisika zaidi. Halafu ubao ukamtupa kama mtu anavyotikisa kitambaa chenye makombo.

Kocha alikuwa ameketi juu ya kingo ya mfereji na kofia ngumu ya mdogo wake mapajani. Alilia bila sauti, na Sajini alimwacha alie.

Yeye akauendea ubao. Aliugeuza magurudumu juu, akachuchumaa, akaandika. Chini ya ubao palikuwa na vyuma viwili vinavyoshika magurudumu, kimoja mbele, kimoja nyuma; wenyewe huviita traki. Kila traki ilikaa juu ya kipande cha plastiki nyeupe, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Kila moja ilishikwa na nati nne. Nati zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, tone moja kila nati, lililoshuka mpaka kwenye chuma. Aliandika: *Mbele, nati tatu nyekundu, moja tupu. Nyuma, nati nne, zote nyekundu. Hakuna rangi iliyopasuka.* Hakujua afanye nini na habari hiyo. Aliiandika tu, kama alivyoandika kwamba mlinzi alikuwa amevaa soksi zisizofanana.

Mkuu wa kituo aliitazama karatasi yake saa nne asubuhi, akasema ni ajali, afunge faili.

Huenda angelifunga. Lakini saa tano na robo mzee mmoja aliingia kituoni akipapasa ukuta, akauliza uliko ubao wa mpwa wake.

Alikuwa mjomba wao. Dada yake alipofariki, alimwachia watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka kumi na sita na mmoja wa minne, na akawalea katika vyumba viwili vya nyuma ya karakana yake. Mjini walimwita Fundi, basi, kana kwamba hakuna fundi mwingine. Alitengeneza baiskeli, mashine za kushonea, viti vya magurudumu vya hospitali, na kwa mapenzi tu, mbao za vijana wa mlimani. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na alimtazama Sajini kwa kumgeuzia sikio.

Sajini alimpa ubao. Mzee aliuweka mapajani na kuupitisha vidole, mbele kwanza, kisha nyuma. Kwenye traki ya nyuma vidole vilisimama. Vikarudi. Vikasimama tena.

"Nifunge, afande," akasema. "Nimemuua mimi."

Sajini alimvutia kiti, akamwambia aeleze polepole, kama anamweleza mtoto. Mzee akaeleza. Traki ya mbele ndiyo inayochagua njia. Ya nyuma kazi yake ni kutii. Kwa hiyo ya mbele huinamishwa ili igeuke upesi, na ya nyuma hulazwa ili igeuke kidogo tu. Kinachoinamisha na kulaza ni zile plastiki nyeupe, kabari, ambazo yeye huzichonga mwenyewe kutoka kwenye vibao vya kukatia mboga. Kabari ya nyuma, upande wake mnene unapaswa kutazama mkia. Hii ilikuwa imegeuzwa; mnene ulitazama katikati ya ubao. Kwa mwendo mdogo mtu haoni tofauti kubwa. Kwa mwendo mkali nyuma inataka kuongoza na mbele inataka kuongoza.

"Mafahali wawili," alisema Sajini.

"Zizi moja," alijibu mzee. "Na aliyekanyagwa ni yule mtoto."

Sajini alimwuliza kama mtu mwingine hakuweza kuigeuza. Mzee alitikisa kichwa. Alipapasa nati, akainua ubao hadi karibu na jicho lake la kushoto, lililokuwa na nafuu. Akasema ile rangi ni ya kucha, ya marehemu mkewe. Chupa tatu alizoziacha mama yule hakuwa na moyo wa kuzitupa, akazipatia kazi: kila akimaliza kufunga ubao hutia tone kwenye nati, likakauka. Atakayeifungua nati atapasua tone. Na hapa aliona wekundu tu, asiweze kutenganisha nati na nati, na kidole hakikusikia ufa wowote.

"Rangi ni nzima. Kwa hiyo ni mkono wangu. Ijumaa mchana nilifunga, nikampa, akaondoka anacheka."

Saa saba mchana, Fundi alikuwa mahabusu. Mkuu wa kituo alifurahi kwa namna ya watu waliopata jibu bila kutoka kitini: uzembe uliosababisha kifo, mshtakiwa amekiri, faili kwa mwendesha mashtaka Jumatano asubuhi. Alimwambia Sajini kwamba mzee atapata miaka michache tu. Sajini alimfikiria mzee yule akiihesabu miaka hiyo gizani, na akiamini kila siku kwamba alimuua mtoto aliyemlea. Hilo la pili ndilo lililomuuma. Kifungo kina mwisho wake. Imani ile haikuwa na mwisho.

Isitoshe, palikuwa na jambo lisilokaa. Alilitia kwenye daftari jioni hiyo, akiwa peke yake na chai iliyopoa. Mzee haoni, kweli. Lakini kosa la kabari alilijua kwa vidole, kwa muda wa kupiga chafya. Macho hayakufunga ubao ule. Vidole ndivyo vilivyoufunga. Vidole vilivyolishika kosa Jumamosi vilikuwa wapi Ijumaa?

*

Jumapili saa tatu asubuhi alikwenda kwa Kocha. Alimkuta sebuleni kwake, na mezani palikuwa na traki mbili mpya zinazong'aa, bado ndani ya boksi lao. Kocha aliona macho ya Sajini yanakwenda wapi, akaanza kueleza kabla ya kuulizwa.

Alisema Nyenyere alikuwa na uchaguzi wa kufanya wiki ile, maana mashindano makubwa yalikuwa Jumamosi inayofuata. Hizi za kiwandani, alizomtafutia yeye, au zile alizotengeneza mjomba kwa mkono. Kwa miezi miwili mdogo wake alikuwa akizijaribu zote. Alhamisi jioni alikuja, akaziweka hizi mezani, akasema, "Kaka, nimechagua za mjomba."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia chuma cha kiwandani hakina uzee wala macho mabovu. Akacheka. Dogo alikuwa anacheka kila kitu, afande."

Alizungumza kwa kuinamia mikono yake. Sajini alimwuliza kama kulikuwa na mtu mwenye kinyongo na marehemu. Kocha alifikiri, akamtaja Sabuni, kisha akajizuia, akasema hapana, haiwezekani, na akaeleza sababu. Mjomba hupaka rangi nati zote, tangu wao wakiwa watoto, na rangi ile ilikuwa nzima. Yeye mwenyewe aliitazama pale mferejini. Kwa hiyo hakuna aliyeugusa ubao. Ni uzee tu. Akamwomba Sajini, kama kuna njia, mzee asifungwe, maana hana mwingine wa kumwangalia.

Sajini aliandika yote. Alipofika mlangoni aliuliza jambo dogo: vijana wa klabu walimwambia kwamba Nyenyere hakuwahi kushuka kwa kasi kabla ya kushuka mara moja polepole, kuupasha mwili moto. Ilikuwaje Jumamosi hakufanya hivyo? Kocha alisema wingu lilitanda, alihofu mvua, alimwambia aende moja kwa moja. Ubao alikuwa amemwekea tayari kwenye mstari.

Hilo nalo aliliandika. Kisha akaenda getini na kuomba daftari la mlinzi. Mlinzi, wa soksi mbili za rangi mbili, aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa hakimu:

*Ijumaa. Saa kumi na moja jioni, Nyenyere, ameleta ubao. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, Sabuni, amesahau glavu. Saa kumi na moja na dakika arobaini na sita, Sabuni ametoka. Saa kumi na mbili, nimefunga.*

*Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi, nimefungua. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, Kocha, koni. Saa moja kasoro dakika tano, Nyenyere na Sabuni.*

Sajini alimwuliza kama glavu zilipatikana. Mlinzi alisema Sabuni aliingia amezivaa.

*

Walimzika Nyenyere Jumatatu saa nne. Fundi aliletwa na askari wawili, pingu zimefunikwa kwa koti, na alisimama mbali kidogo na kaburi kwa sababu mama mmoja wa jirani alimwambia asimame mbali. Kocha alikwenda akamshika mkono mjomba wake mbele ya watu wote, na watu walimsifu kwa moyo huo. Sajini alisimama nyuma, akayaona yote mawili.

Saa saba mchana alikuwa na Sabuni kwenye chumba cha mahojiano.

Kijana aliteleza kwa nusu saa nzima. Glavu zilikuwa jozi mbili. Hapana, ilikuwa jozi moja ila alidhani ameisahau. Kwa kweli alikwenda kujaza maji. Sajini alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia, kisha akamwambia kwa upole kwamba mtu wa mwisho kuwa peke yake na ubao ule Ijumaa ni yeye, kwamba yeye ndiye ambaye angekuwa bingwa bila Nyenyere, na kwamba kamba ya mzee inaweza kuhamia kwenye shingo changa bila taabu.

Sabuni alitoa simu mfukoni, akaisukuma mezani kwa kidole, kama kitu kinachonuka.

"Nilikwenda kuiba, mama," alisema. "Lakini siyo hivyo."

Alikuwa amepiga picha kumi na moja. Traki za Fundi hazikuwa na mfano. Kila mtu mlimani alitaka kujua zinainama kiasi gani na zinalala kiasi gani, na mzee hakumwambia mtu. Sabuni alizipiga picha kwa kila upande ili akazipime nyumbani. Saa ilikuwa imeandikwa kwenye kila picha: saa kumi na moja na dakika arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili.

Sajini alivaa miwani. Picha ya sita ilionyesha traki ya nyuma kwa chini. Upande mnene wa kabari ulitazama mkia, mahali pake hasa.

Alishusha pumzi. Basi Ijumaa vidole vya mzee vilikuwa mahali pake.

Halafu akaona jambo jingine. Alifungua daftari, akarudi ukurasa wa Jumamosi, akasoma, akaitazama tena picha. Kwenye picha, nati tatu za nyuma zilikuwa nyekundu. Ya nne ilikuwa tupu.

"Hii mbona haina rangi?" aliuliza.

Sabuni alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini mtu hali kwa mguu. "Hiyo ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye ubao. Fundi anafunga nati tatu za kila traki na kutia rangi. Ya nne anakupa spana, unafunga wewe, na haipakwi. Anasema ubao siyo wa fundi, ni wa anayeupanda, na kama umelegea uwe umelegea mkononi mwako. Wote ametufungia hivyo. Mimi, Nyenyere, wote."

"Kila mtu klabuni anajua?"

"Kila aliyewahi kufungiwa na Fundi. Haliongelewi. Unapewa spana tu, unaelewa."

Alisema bila kuona uzito wa alichokisema. Sajini alimwambia aende, simu ibaki. Jioni hiyo, saa kumi na moja, alikwenda kwenye chumba cha klabu na kuzigeuza mbao zote tisa zilizotundikwa. Nane zilikuwa na nati tatu nyekundu na moja tupu, mbele na nyuma. Wa tisa ulikuwa wa zamani, umetundikwa juu ya mlango pamoja na medali zake. Ulikuwa wa Kocha. Chini yake kulikuwa na traki za kiwandani, na hapakuwa na hata tone moja la rangi.

Alikaa kwenye benchi, magoti yakimuuma. Alikuwa amelipata alilolitafuta, na hakulifurahia.

*

Jumanne saa tatu asubuhi aliwakusanya karakanani. Fundi alikuja na askari, akafunguliwa pingu. Mahali pale palinuka mafuta ya mashine na vumbi la tupa. Spana zilitundikwa kwa ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa ukutani, na mzee aliingia akitembea kama anayeona, kwa sababu humo hakuhitaji macho. Sabuni alisimama kando ya mlango. Kocha alikuja mwisho, akamsalimia mjomba wake kwa heshima, akauliza kama ni habari ya dhamana.

Sajini alisema ni habari ya faili, anataka tu kuhakikisha ameandika vizuri namna ubao unavyofungwa. Macho ya Fundi hayaruhusu, kwa hiyo anamwomba Kocha amwonyeshe. Aliweka juu ya meza yenye jiliwa, kibanio cha chuma, ubao mtupu wa mazoezi, traki moja, kabari moja, nati nne, spana, na chupa ya rangi ya kucha kutoka kwenye droo ya mzee.

"Fanya kama anavyofanya mjomba wako," alisema. "Hatua kwa hatua, niandike."

Kocha alifunga. Mikono yake ilikuwa mizuri, mikono ya ukoo ule. Aliiweka kabari sawasawa, akakaza nati kwa kupishanisha pembe, akafungua chupa. Tone la kwanza. La pili. La tatu. Hakusita hata kidogo. Akatia la nne, akapuliza, akaweka brashi chini.

Sabuni alijibanza ukutani. Fundi, aliyekuwa akisikiliza mlio wa brashi kwenye mdomo wa chupa, alikuwa amehesabu pamoja naye.

"Umepaka nne," alisema mzee.

"Ndiyo, mjomba. Zote."

Sajini hakutaka mzee aendelee. Aliona ni haki mzigo huo aubebe yeye. Alisema polepole, akitaja kila kitu kwa saa yake. Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili jioni, kabari ya nyuma ilikuwa sawa na nati ya nne ilikuwa tupu, picha ipo. Jumamosi asubuhi kabari imegeuzwa na nati zote nne ni nyekundu. Kwa hiyo mtu alifungua, akageuza, akafunga, akapaka upya rangi ya kucha, ambayo duka lolote huiuza, ili ionekane haijaguswa. Hakuwa Fundi, ambaye hajawahi kuipaka ya nne maishani mwake. Hakuwa Sabuni wala kijana yeyote wa klabu, kwa maana kila mmoja amepewa ile spana mkononi. Alikuwa mtu anayeijua rangi tangu utoto wake, aliyeiona kwa mbali miaka yote, lakini hajawahi kufungiwa ubao kwenye karakana hii. Na mtu huyo aliingia chumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini, akawa peke yake kwa dakika thelathini na tano, kisha akauweka ubao kwenye mstari kwa mkono wake, magurudumu chini, akamwambia mdogo wake asijipashe moto, wingu limetanda. Isitoshe, kwenye nati ile ya nne rangi ilichuruzika kabla ya kukauka, ikashika alama ya kidole gumba. Imekwenda maabara jana.

Kocha aliitazama ile nati mbele yake, inayong'aa, mbichi bado.

"Ni ya nani, ya nne?" aliuliza. Hakumwuliza Sajini.

"Ya mwenyewe," alijibu Fundi.

"Sikujua. Nilidhani tone lake limebanduka."

"Ungejuaje?"

Kocha alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akakaa juu ya kreti la vyuma. Akasema hakutaka afe. Alitaka aanguke, avunjike kitu, akose mashindano, rekodi ibaki pale ukutani mwaka mmoja zaidi. Alipomwona anatikisika kwenye koni ya kumi na tano alipiga kelele asimame, na hakuna aliyemsikia.

"Rekodi tu?" aliuliza Sajini.

"Siyo rekodi." Aligeuka kwa mjomba wake, na sasa alisema kama mtoto wa miaka kumi na sita. "Nilikuomba miaka sita. Nitengenezee traki, mjomba. Ukawa unasema bado, tulia kwanza, bado. Nilishinda mlima huu kwa vyuma vya dukani. Yeye hakuomba hata siku moja. Ulimwita ukampa. Na Alhamisi anakuja kuniwekea zangu mezani, anacheka, amechagua za mjomba. Kana kwamba mimi nilikuwa na za kuchagua."

Fundi aliondoka mahali pake, akapita katikati yao bila kugusa kitu, akapiga magoti chini ya meza ya jiliwa. Alisogeza makopo, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kanga iliyofifia, akamwekea Kocha mapajani.

Zilikuwa traki mbili. Chuma kilikuwa kimepakwa grisi ambayo sasa imekuwa kahawia. Moja ilikuwa na nukta moja iliyogongwa kwa msumari, ya mbele. Nyingine nukta mbili, ya nyuma. Nati nane zilikuwa zimening'inizwa kwenye waya.

"Nilizimaliza Jumatatu," alisema mzee. "Wewe ulikuwa umevunjika goti Jumapili. Daktari akasema hutapanda tena. Nikaona kukuletea hospitalini ni kukucheka. Nikasema nitampa siku akiweza kuzitazama bila kulia. Miaka tisa nakutazama, sikuiona hiyo siku. Basi macho yakaharibika."

Kocha alizishika traki. Alizigeuza, akapapasa zile nukta kwa gumba, na Sajini hakuweza kuiandika sauti iliyomtoka. Askari walimwinua kwa makwapa. Alikwenda nazo hadi mlangoni, na hapo Sajini akalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja ili azichukue, maana mahabusu hawaruhusiwi vyuma.

Gari lilipoondoka, Sabuni naye akaondoka, bila kuaga. Sajini alibaki na karatasi ya kumwachilia mzee. Alimsomea yote: hakuna kosa, hakuna uzembe, mkono wake ulikuwa sawa Ijumaa ile. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu Jumamosi, alitamani alione likimfika mzee usoni.

Fundi alisikiliza hadi mwisho, amekaa juu ya lile kreti.

"Ungeniacha niwe mimi, afande," alisema. "Ningekuwa nimepoteza mmoja."

Sajini alimshika mkono, akamwekea kalamu vidoleni, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.